Mdhamini wa Mama Kamili

Watu wa Kahama waliokula wali kwa Dominiko, pale karibu na stendi ya mabasi, hawakujua kwamba wali ule ulipikwa katika masufuria ya mtu mwingine. Epifania alijua. Kila alipopita na kapu lake la nyanya, harufu ya jiko lile ilimfanya atamani kuingia na kumwaga kila kitu mchangani. Hakuingia. Alipita akisalimia vizuri, maana hasira yake hakutaka kuiuza rejareja.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini masufuria yale manne yalikuwa yake. Alikuwa na hoteli Shinyanga mjini, chai na supu asubuhi, pilau mchana, na pesa zake zilikaa benki kama za watu wengine wenye heshima. Alipofunga ndoa na marehemu Otmar kule Ushirombo, aliyesimama nyuma yao kama msimamizi wa ndoa alikuwa Dominiko huyu huyu. Basi Dominiko alipotaka kukopa kwa tajiri mmoja wa pamba ili anunue lori, na tajiri akataka mdhamini, Epifania aliweka saini bila maswali. Msimamizi wa ndoa ni ndugu. Ndugu unamwuliza nini?

Kikulacho ki nguoni mwako. Lori lilinunuliwa, likaandikwa jina la kaka yake Dominiko, na Dominiko akaapa mbele ya hakimu kwamba hana hata baiskeli. Deni likamwangukia mdhamini. Mahakama ikamtangaza Epifania mufilisi, benki ikafunga akaunti yake, dalali akaja na kengele. Viti vikaenda, meza zikaenda, kitanda alichozalia kikaenda. Masufuria yalichukuliwa kwa bei ya kutupa na kijana ambaye hakuna aliyemfahamu. Miaka mingi baadaye, Epifania alipohamia Kahama na kuyakuta jikoni kwa Dominiko, ndipo alipojua kijana yule alitumwa na nani.

Katikati ya hayo aliishi anavyojua. Aliwapikia wachimba dhahabu huko machimbo ya Geita, watu wanaokula leo kwa ahadi na kesho wamehamia shimo jingine. Alimzika Otmar. Alimsomesha mwanawe Kamili. Wenzake walimwambia subira yavuta heri, naye alisubiri kweli, ila aliyokuwa akiivuta haikuwa heri.

Mwaka wa themanini na sita shule moja ya sekondari ilimtaka awe anawapelekea mchele na maharage. Ilikuwa kazi ya kumtoa kwenye kibanda chake cha nyanya moja kwa moja. Tatizo ni kwamba shule ililipa kwa hundi, na hundi haiingii kwenye pindo la kitenge. Bila akaunti, kazi ingekwenda kwa mwingine mwisho wa mwezi.

Alikwenda benki na hati ya Mahakama Kuu iliyomwondolea ufilisi, ambayo aliitunza ndani ya kitabu cha sala. Karani aliitwa Marcel, kijana mwenye adabu.

"Hati yako ni nzuri, mama," alisema Marcel. "Lakini kwa mtu aliyewahi kufilisiwa, meneja anataka mteja wetu mmoja aliyekufahamu zaidi ya miaka kumi. Aweke saini hapa."

"Akisaini, siku nikikwama atadaiwa yeye?"

"Hapana, mama. Hadaiwi hata senti. Anasema tu kwamba anakufahamu."

Epifania alitoka akakaa kwenye ngazi. Kahama nzima, mtu mwenye akaunti aliyemfahamu zaidi ya miaka kumi alikuwa mmoja tu. Kwanza machozi yalimlengalenga. Kisha akafikiri vizuri, akacheka peke yake mpaka mlinzi akamwangalia.

Wiki hiyo mzee Ignas, katekista, alifariki. Kwenye msiba wa kwetu vyombo hukusanywa nyumba kwa nyumba, na ndiyo maana kila mwanamke hukwaruza jina lake kwa msumari chini ya sufuria, visije vikapotea. Dominiko naye alileta manne, akayabeba mwenyewe kwenye mkokoteni ili watu wamwone, kwa sababu alikuwa anautaka uenyekiti wa baraza la parokia. Alisahau jambo moja, na wanaume wote wangelisahau: sufuria la msiba halirudishwi na masizi. Wanawake hulisugua kwa majivu na mchanga mpaka chini kung'ae na jina lisomeke.

Matanga yalipoanuliwa, Epifania ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko. Mpishi mwenzake, Paskalia, alikuwa anayageuza masufuria na kusoma majina kwa sauti, kila mtu achukue chake. Akageuza moja kubwa.

"Epifania, Shinyanga," alisoma. Akatazama tena. "Mayu, mama yangu, hili si amelileta Dominiko?"

Mikono ya wanawake ilisimama. Dominiko alikuwa hapo hapo na mkokoteni wake.

"Ndiye aliyelileta," alisema Epifania. "Mwulizeni alilipata wapi. Atueleze tu, hatuna haraka."

Uso wa Dominiko ulilowa jasho.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "njoo kwanza tuongee pembeni."

Walikwenda nyuma ya jiko, Epifania akiwa amelibeba sufuria lile. Epifania alifungua pindo la kitenge, akatoa fomu na kalamu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Dominiko kiliishia kwenye kusalimiana.

"Hii ni nini, shemeji?"

"Ni ya benki. Mimi niliweka saini kwa ajili yako. Leo ni zamu yako."

"Sasa shemeji, ukikopa halafu ukatoroka?"

"Kama nani?"

Dominiko aliiangalia fomu ile kama mtu anayeangalia kaburi lake likipimwa. Epifania aliona hofu ile na ikamfurahisha, tena sana, wala hakuona aibu kwa furaha hiyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Angeweza kumwambia alichosema Marcel, maneno machache tu, hofu ikamtoka. Hakumwambia. Alimsogezea sufuria lililogeuzwa liwe meza yake, na Dominiko akaweka saini hapo juu ya jina lenyewe.

Waliporudi, Epifania aliwaambia wanawake, "Mpeni masufuria yake. Aliyanunua." Hakuyataka tena.

Akaunti ilifunguliwa. Shule ililipa, biashara ikakua, na Epifania hakukopa popote. Lakini kila alipoonekana akielekea benki, Dominiko aliacha wateja wake akavuka barabara.

"Habari za biashara, shemeji? Inakwenda?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Hujakopa lakini?"

"Tutaona," alijibu Epifania, akaendelea na safari yake. Dominiko akakonda. Uenyekiti aliupata, ila kwenye vikao alikuwa wa kwanza kuuliza kama mvua haikumharibia Mama Kamili safari, kama mchele wake haukuoza.

Jumapili moja padre alisoma nia za misa. "Misa hii," alisema, "ni ya kuombea biashara ya Epifania, Mama Kamili, idumu na isipate hasara. Nia imetolewa na mwenyekiti wetu, Dominiko."

Waumini waligeuka kumtazama mwenyekiti, wakasifu moyo wake. Kwenye benchi la mbele upande wa wanawake, Epifania alifumba macho, akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.