Mpini wa Lukusa na Mpini wa Philippe

Tata Lukusa anagonga mukuba. Analaza bamba la shaba juu ya mfuko wa mchanga, analigonga kwa nyuma, na upande wa mbele inatokea picha: wanawake wanatwanga, tembo wanapita, Yesu ameketi na wanafunzi wake. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini. Baba yake naye alizeekea mgodini. Yeye aliukataa mgodi, akakaa Manika, hapa Kolwezi, na nyundo yake, nyuma ya soko. Ni fundi, hilo silibishi. Lakini tangu Philippe afungue atelie upande wa pili wa barabara na kuweka tur, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, Lukusa amekuwa mtu wa kutazama ng'ambo.

Philippe akipata mteja, Lukusa anajua mteja huyo anatoka wapi. Philippe akipaka mlango wake rangi, Lukusa anasema rangi hiyo haitamaliza msimu wa mvua. Mkewe, Mama Elise, alimchoka zamani.

"Banaume bengine banaonea mwanamke wivu," alimwambia mbele yangu. "Weye unaonea mashine."

"Mashine haina mukono."

"Lakini iko na bateja."

Mimi kazi yangu ni kumkutanisha mwenye kutaka kitu na mwenye nacho, na kubaki hapo katikati. Ndipo nilipo tangu nilipoanza na beseni moja la misumari. Kwa hiyo Bwana Anders, enjinia wa Denmark anayefanya kazi upande wa Fungurume, alipotafuta mtu wa kumtafutia mafundi, alielekezwa kwangu: Mama Blandine, kibanda cha vyuma.

Aliniletea mchoro. Kwao, alinieleza, wanaume wazima wanakusanyika siku za mapumziko, wanavaa kama Waviking, mababu zao waliokwenda vitani kwa merikebu miaka elfu iliyopita, wanapigana mchana kutwa, halafu wanakula pamoja. Upanga wake alikuwa ameufua mwenyewe kwenye karakana ya kambi ya mgodi, ila mpini ulimshinda. Alitaka kinga ya chini, ile inayozuia mkono usiteleze kwenye makali, kishikio, kinga ya juu, na kichwa chenye vilima vitatu, chuma kilichopambwa kwa nyuzi za shaba na za fedha. Mkia wa upanga, ule mwembamba usio na makali, ungepita katikati ya vyote hivyo, utokee juu ya kichwa, ugongwe mpaka ufure. Upanga wenyewe hakuuleta. Aliacha mchoro na vipimo.

Nilimpa Philippe. Mashine anayo na hana maneno mengi.

Kesho yake Lukusa alifika kabla sijakunja turubai.

"Mama Blandine, minasikia Muzungu moya iko anatafuta mutu wa mukuba."

"Mutu wa chuma, tata. Na mukuba kidogo juu yake."

"Na ulipeleka kwa ule mutoto wa tur."

"Philippe iko na batoto batatu. Haiko mutoto."

"Minasema mutoto."

Nikafikiri. Mteja akionyeshwa kitu kimoja, anajiuliza kama anunue au aache. Akionyeshwa viwili, anajiuliza anunue kipi. Nikatoa kopi ya mchoro, nikampa. "Fanya yako. Bwana Anders njo atachagua."

Kuanzia hapo nikawa nawatafutia vifaa watu wawili. Kwa kinga na vichwa nilileta kutoka Fungurume jani la springi ya lori, chuma kizuri. Lukusa akauliza kwanza: "Philippe alitwaa lile la juu ao la chini?" Nilipomwambia jani ni moja, nimelikatisha vipande viwili, alivigeuza vipande kama mwanamke anayechagua samaki, akasema chake ni kile Philippe alichokikataa. Kwa kishikio Philippe alitaka mti mgumu, nikampatia kwa wachoma makaa wa Mutshatsha gogo ambalo moto ulishindwa kulila. Lukusa aliposikia mti, akataka pembe ya ng'ombe. Fedha ilinisumbua. Mwishowe fundi umeme mmoja akaniuzia vile vipande vyeupe vinavyogusana ndani ya swichi kubwa za mashine. Ni fedha. Lukusa aliviyeyusha akavivuta mpaka vikawa uzi. Philippe alisema fedha ni fujo, akaweka shaba tu.

Hapo Lukusa alianza kunishangaza. Alichanja chuma kwa patasi ndogo, mistari myembamba kama ya kitambaa, akalaza nyuzi juu yake, moja nyekundu, moja nyeupe, akazigonga mpaka zikazama na kushika bila gundi wala risasi ya kulehemia. Kichwa chake kilitoka kama kimefumwa. Kishikio cha pembe alikikata sawasawa na mchoro: kifupi, ngumi moja imejaa, basi.

Angebaki nyumbani angeshinda. Lakini siku ile akavuka barabara, eti kusalimia.

Juu ya meza ya Philippe aliona kishikio cha mti, na kilikuwa kirefu kuliko chake kwa vidole viwili. Philippe alifanya wanavyofanya mafundi wote wa hapa. Nani Kolwezi amewahi kuona mpini wa panga usiobakiza nafasi? Mkono unashika, mpini unabaki, ndivyo panga linavyotengenezwa. Alidhani mchoro umekosea, akaongeza. Lukusa hakuuliza. Alirudi akinung'unika.

"Philippe aliongea na Muzungu ku telefone," alimwambia Mama Elise. "Bamemupatia kipimo cha kweli. Mi balinipatia cha uongo."

"Uliza Mama Blandine basi."

"Nimuulize, aende acheke na ule mutoto?"

Pembe haivutwi. Akatupa kishikio kizuri, akanunua pembe nyingine machinjioni, akaanza upya: kirefu, na pande zote mbili akakivalisha pete za shaba zilizofumwa, ili angalau kwa uzuri Philippe asimfikie. Mimi hayo niliyajua baadaye.

Siku ya kuchagua, Bwana Anders alikuja na upanga wake umefungwa blanketi. Tulikuwa mbele ya kibanda changu. Philippe akatangulia. Kinga ya chini ikaingia, kishikio kikaingia, kinga ya juu ikaingia, kichwa kikakaa, na mkia haukutokea. Uliishia ndani.

Lukusa akacheka mpaka akashika kiuno. "Loo! Mashine inajua kukata, kuhesabu haijui!"

"Leta yako, tata," Philippe akasema.

Lukusa akaleta yake. Akasukuma kichwa mara ya kwanza. Akasukuma tena; mkia ukaishia ndani vilevile. Kicheko kilikuwa bado kwenye meno yake, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuondoka.

Bwana Anders akaeleza bila hasira. Kwao mkono lazima ubanwe katikati ya kinga mbili, usicheze. Ufupi ule ndio wenyewe. Akashika kichwa cha mpini wa Lukusa, akakigeuza juani muda mrefu. Halafu akasema anataka kichwa hiki na kinga hizi, na kishikio cha mti cha Philippe, kwa sababu hicho kinaweza kukatwa kikafupishwa. Kile cha pembe kikikatwa, pete zinafumuka.

"Bitu byangu habilale na bitu byake," Lukusa akasema.

"Basi birudishe, bilale na weye," akasema Mama Elise.

Sikumbembeleza. Nilianza kufunga vipande vyake kwenye gazeti, nikamwambia Bwana Anders kwamba kichwa cha Philippe nacho si kibaya, ni imara. Bwana Anders akakichukua. Lukusa akakitazama kile kichwa cheusi, laini, kisicho na uzi mmoja wa fedha, kikiwa mkononi mwa mteja.

"Ngojeni. Huu mupini wa mutoto, mi njo ninaukata."

"Na ukiuharibu?" Philippe akauliza.

"Nikiuharibu, kichwa changu kitakaa juu ya nini?"

Akachukua msumeno. Sijawahi kumwona akikata kitu chake kwa uangalifu ule. Alikata, akapiga tupa, akajaribisha, akapiga tupa tena, akafuta vumbi la mti wa Philippe kwa shati lake mwenyewe. Kinga ikakaa juu ya mti, kichwa kikakaa juu ya kinga, mkia ukachungulia. Akaugonga mpaka ukafura. Hakuna kilichocheza.

Bwana Anders aliuinua upanga akauliza amshukuru nani.

"Kichwa na kinga ni mi," Lukusa akawahi. "Kile cha katikati, kile mukono unafunika, njo cha Philippe."

"Ndiyo," akasema Philippe. "Kile anashika."

Lukusa akautazama mkono wa Bwana Anders akingoja uachie. Haukuachia mpaka kwenye gari.