Mshika Kamba wa Sekenke

Mzee Alute alishuka Singida mjini Jumamosi asubuhi akiwa na neno moja kifuani. Lilikuwa fupi: turudi nyumbani. Alilibeba tangu Misigiri na njiani hakumwambia mtu.

Neno lilikuwa la kumwambia mjukuu wake, Faith. Faith alilelewa na bibi yake, Kristina, tangu hajaota meno. Kristina alipofariki, sasa miezi minane, binti yao Raheli alikuja msibani, na matanga yalipoanuliwa akaondoka na mtoto wake. Hakukosea. Mtoto ni wake. Ila nyumba ikabaki na mtu mmoja, na mtu huyo si msemaji. Kwa miaka arobaini na mitatu Kristina ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote wawili. Sasa Mzee aliweza kumaliza siku tatu bila kutamka kitu, labda kufukuza kuku tu.

Raheli alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani mwa duka moja karibu na soko. Alimpa baba yake kiti, akamsikiliza huku mguu uko juu ya pedali, haukanyagi.

"Baba, siwezi kukukatalia," alisema. "Lakini siwezi kumsemea yeye pia. Ana miaka kumi. Muulize mwenyewe. Akisema anarudi, leo leo namfungia nguo zake."

"Nitamuuliza."

"Na usimuulize kwa macho, baba. Nakujua. Muulize kwa mdomo."

Mzee akatazama chini. Kristina angesema hivyo hivyo, na kwa sauti ile ile.

Faith akatokea nyuma ya duka na ndoo ya maji. Alikuwa amerefuka. Akatua ndoo, akapiga goti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke mdogo."

"Mke mdogo gani, wakati hujaja kuniona tangu mwaka jana? Mimi nimeshaolewa kwingine."

Raheli akacheka mpaka uzi ukakatika. Akasema huyu bibi harusi wa watu amemsumbua wiki nzima anataka kupelekwa kwenye ghala la michezo. Tiketi zimeshanunuliwa, ila yeye ana sare kumi na mbili za kwaya za kumaliza. "Nendeni wawili. Huko mtaongea."

Ghala lenyewe Mzee alilijua. Mwaka wa njaa, yeye na Kristina walisimama mbele ya mlango wake tangu alfajiri, wakisubiri yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Wakati huo lilikuwa la serikali, likinuka vumbi la magunia na dawa ya fukusi. Baadaye serikali ikaanza kuuza vitu vyake, leo hiki kesho kile, na ghala likaangukia mikononi mwa mtu wa kukamua alizeti. Mtu huyo alikuwa na mtoto aliyekwenda kusoma Afrika Kusini. Mtoto akarudi na waya, kamba na mawazo yake.

Mzee Alute alivuka kizingiti, akasimama hapo hapo. Watu wakampita kushoto na kulia.

Mwaka ule wa njaa magunia yalipangwa mpaka karibu na paa. Sasa hapakuwa na gunia hata moja. Palikuwa na uwazi, mkubwa kuliko kanisa lolote alilowahi kuingia, na ndani ya uwazi ule watu walikuwa hewani. Watoto walirukaruka juu ya turubai lililokazwa kwa springi, wakipanda juu na kurudi kama mahindi ya bisi kwenye sufuria. Wengine walivuka madaraja ya mbao yaliyoning'inizwa, wakipiga mayowe, na mama zao chini wanakunywa soda. Mama mmoja mnene, kanga kiunoni, alikuwa amekwama katikati ya wavu akicheka, hawezi kupanda wala kushuka, na hakuna aliyemhurumia.

"Babu, funga mdomo," Faith alisema. "Nzi ataingia."

Mzee akaufunga. Ukafunguka tena wenyewe.

Walifika kwenye ukuta uliobandikwa mawe mekundu, ya kijani na ya bluu, na watu wakiupanda kwa vidole. Mawe aliyajua. Alisogea, akainama, akaligonga moja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama mchimbaji anavyoliuliza jiwe kama lina kitu. Jiwe likajibu kama kikombe cha plastiki.

"Hamna kitu humu," akasema.

"Ni la kupandia, babu, si la kuponda!"

"Na huyo aliyefika juu, anachukua nini?"

"Hachukui kitu. Anagonga kengele, anashuka."

"Basi?"

"Basi."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Alishawaona watu wakihangaika na mwamba kwa njaa, kwa tamaa, hata kwa wazimu. Hakuwahi kumwona mtu akihangaika na mwamba kwa furaha tu, kisha akaondoka mikono mitupu akiwa anacheka. Aliona ni jambo kubwa. Alitamani kumwuliza Kristina analionaje.

Neno lake lilikuwa bado kifuani. Alilikumbuka, akafungua kinywa, lakini Faith alishamshika mkono na kumvuta kuelekea ngazi za jukwaa. "Huku, babu. Hiki ndicho nilichokuja nacho moyoni."

Juu ya jukwaa ulianzia waya mmoja mnene. Ulikatiza ghala zima, mwisho mmoja hadi mwingine, ukiinama kidogo. Watu walifungwa mikanda, wakavikwa kofia ngumu, wakaning'inizwa kwenye puli, wakateleza juu ya vichwa vya wenzao mpaka upande wa pili. Kwenye puli ilifungwa kamba nyembamba, ambayo kazi yake ilikuwa kuirudisha puli mtu akishateremka. Kamba hiyo ilikuwa imejiviringisha sakafuni mwa jukwaa.

Aliyefunga mikanda alikuwa mwanamke kijana, amevaa suruali na filimbi shingoni. Watu walimwita dada Ritha. Alimwamkia Mzee vizuri, kisha akamwinamia Faith.

"Nani anashika?" Mzee akauliza.

"Kushika nini, mzee wangu?"

"Kamba. Mtoto akienda, nani anaishika?"

"Hashiki mtu. Waya unatosha. Hii kamba ni ya kuvutia puli tu."

Mzee akaitazama ile kamba. Miaka thelathini alikuwa mshika kamba kwenye machimbo ya Sekenke. Wengine walishuka shimoni kutafuta dhahabu, yeye alisimama mdomoni mwa shimo akiwateremsha na kuwapandisha. Kabla mtu hajashuka aliita jina la anayeshika, na mpaka aitikiwe hakuweka mguu hewani. Mshika kamba hakukohoa ovyo, hakugeuka hata akiitwa na mkewe, na kamba ikianza kukimbia hakuiacha ikimbie. Aliyeachia alikuwa ameua. Hakuna mtu wa Sekenke aliyehitaji kuelezwa hilo. Kuna siku ukingo ulibomoka na mchimbaji mmoja, Kefa, akabaki ananing'inia gizani. Alute alimshikilia peke yake mpaka wenzake wakafika kutoka Misigiri, na jioni Kristina akamlisha kwa mkono wake, maana vidole vilikataa kukunjuka.

"Tayari?" dada Ritha aliuliza.

"Tayari!" Faith akasema. Akageuka. "Babu, nakwenda."

"Nenda," Mzee akasema, na mikono yake, bila kumwuliza mwenyewe, ikainama na kuiokota kamba.

Filimbi ikalia. Mtoto akaruka.

Kamba ikakimbia viganjani. Ikakimbia sana, kuliko inavyokimbia mtu akishuka salama. Mzee Alute akakanyaga mbao kwa miguu yote miwili, akaipitisha kamba mgongoni kama zamani, akakaza.

Katikati ya ghala, juu ya vichwa vya watu, Faith akasimama ghafla. Akabaki anabembea. Hata wale wa kwenye turubai wakaacha kuruka.

"Mzee, achia!" dada Ritha akapiga kelele.

Hakuachia.

"Mzee wangu, achia kamba, haanguki! Waya umemshika!"

"Umeshika na mimi nimeshika," alisema Mzee, jasho linamtoka. Maneno ya yule dada aliyasikia vizuri, na akili yake iliyakubali. Tatizo lilikuwa mikono. Mikono ilikuwa na elimu yake, na katika elimu hiyo neno achia halikuwemo.

"Jamani huyu babu ana nguvu!" mtu akasema chini. "Mwacheni avue samaki wake!" Vicheko vikaanza.

Ndipo Faith akageuza shingo. Alikuwa mbali, mdogo, miguu inaning'inia. Mzee alitegemea kuona hofu usoni mwake. Hakuiona. Aliona mtoto anayengojea, kama mtu aliyezuiliwa mlangoni na mgeni asiyemaliza kuaga.

"Babu," aliita, si kwa kelele. "Achia."

Mzee akamtazama. Akavuta pumzi. Kidole cha kwanza kikafunguka, kikafuata cha pili, na kamba ikapita mgongoni mwake na kuondoka, nyepesi kabisa, na mtoto akaondoka nayo. Alikwenda kwa kasi ya ndege. Hakuanguka. Mzee aliutazama ule waya, alimtazama mtoto, akaketi juu ya mbao. Kumbe mtu anaweza kuachiwa na asianguke. Miaka sabini na moja ameishi, na jambo hili hakuwahi kuonyeshwa.

Dada Ritha alimletea maji. "Pole, mzee wangu. Umenipa presha."

"Nisamehe, mwanangu."

"Aliyekufundisha kushika alikufundisha kweli," alisema, akivitazama viganja vyake vilivyochunika.

Faith alirudi akipanda ngazi mbili mbili.

"Babu, ulinishika!"

"Nilidhani unaanguka."

"Nilikuwa naruka!"

"Nimeona."

Akaketi kando yake, anahema, uso unang'aa kwa jasho. Halafu akatulia. "Mama alisema umekuja kuniuliza kitu."

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. Mzee aliliondoa neno kifuani jinsi lilivyo, kwa mdomo, kama alivyoagizwa.

"Nilitaka turudi nyumbani. Misigiri. Mimi na wewe."

Mtoto alitazama waya. Akatazama ndala zake.

"Unakula nini huko, babu?"

"Ugali."

"Nani anakusongea?"

"Mimi."

"Una mabonge?"

"Mabonge matupu."

Alicheka, kisha kicheko kikakauka. Akasema, kwa adabu, kwa sauti ndogo, "Nitarudi, babu."

Mzee Alute aliijua sauti hiyo. Mchimbaji akiumia shimoni, na hataki aliye juu ahangaike, ukimwita anakujibu hivyo hivyo: niko salama. Mshika kamba mjinga huyaamini maneno. Mwenye kazi yake huisikiliza sauti.

"Hapana," akasema.

"Nitarudi kweli, babu. Nikufundishe kusonga."

"Utakuja likizo unifundishe. Shule ikifunguliwa, unarudi kwa mama yako."

"Na wewe? Siku nyingine utakuwa na nani?"

Hakutaka kumdanganya mtoto. "Nitazoea," alisema. Halafu, kwa kuwa mtoto alikuwa bado anamkodolea macho, "Nenda. Foleni inakuacha, mke wa watu."

Faith akamkumbatia shingoni, ghafla, kwa nguvu, kofia ngumu ikamgonga Mzee sikioni. Kisha huyo, akakimbilia foleni.

Mzee alishuka ngazi taratibu, akishika ukuta. Chini akachagua mahali katikati ya ghala, chini kabisa ya waya, akasimama na mikono nyuma. Filimbi ikalia. Juu yake mtoto akatokea, miguu ameikunja, mikono ameitandaza, anapiga kelele za furaha tupu, na Mzee Alute akainua uso kumfuata, akainua zaidi, mpaka kofia yake kuukuu ikamdondoka kichwani. Hakuiokota.