Kioo Chini ya Pua

Leo nikipaza sauti dukani kwangu, hata aliye ng'ambo ya barabara hugeuka. Lakini nikinusa spiriti tu, narudi hospitalini, kaakaa nililozaliwa nalo likiwa na ufa limeshonwa mara ya pili. Operesheni ya kwanza iliniacha nikisemea puani, wenzangu wakaniita Nyuki.

Daktari aliweka kioo baridi chini ya pua yangu. "Sema papa." Kikifanya ukungu, pumzi bado yavuja puani.

Mama, aliyetoka Vitengeni na kuku wa kumshukuru daktari, alifumba macho. Nikasema. Kioo kikabaki safi.

"Haya, msalimie mamako."

"Shikamoo, mama."

Mama alifumbua macho. Alimkabidhi daktari kuku wake kwanza, akaketi kitandani kwangu. "Hebu rudia, mwanangu. Polepole."