Miti ya Mzee Dominiko

Yustina Kobelo hakuwa mtu wa kupendwa vikaoni. Alikuwa na tabia moja mbaya: jambo likishapitishwa, anauliza litafanywa lini na litafanywa na nani. Kwenye halmashauri ya kijiji chetu cha Kivuma swali hilo lilionekana ni utovu wa adabu. Sisi tulizoea kupitisha. Tulipitisha choo cha shule kichimbwe, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Tulipitisha mbuzi wafungwe, lakini mbuzi hawakuhudhuria kikao. Yeye peke yake ndiye aliyebaki nyuma akidai majibu, mjane mwenye mabinti wawili, mkubwa akiitwa Rosa, na mwanamke pekee katika kamati ya ujenzi.

Alikuwa na shamba la kabichi na njegere karibu na chemchemi, alilopewa na mama yake, ambaye naye alipewa na mama yake. Kwetu milimani ardhi hupita kwa mama. Mwanamume hulima, hujenga, hupiga kelele, lakini ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama, ambao sisi tunauita lukolo. Mabinti wa Yustina walikuwa wanajua tangu wakiwa wadogo ni tuta lipi litakuwa la nani.

Kilichomkosesha Yustina usingizi ni njia. Kivuma ina njia moja tu ya kuteremkia Morogoro sokoni, na mahali pamoja inakata mteremko mkali juu ya kijito. Kila masika ukingo wa chini ulimomonyoka, na wanawake wenye matenga kichwani wakapita pale upande upande, wakimtaja Bikira Maria. Kila mwaka tulijaza mawe, na kila mwaka mawe yakaishia kijitoni. Tuliwahi kuchomeka magogo makavu pia. Yalioza.

Mwishoni mwa mwaka wa sabini na sita alipanda kwetu bwana mmoja wa wilayani, kavaa viatu vya mjini. Pale mteremkoni aliteleza akakaa chini kwa kishindo mbele ya watu wote. Hatukucheka, na Mungu anajua tulivyoumia mbavu. Jioni kikaoni hakuwa na utani.

"Ndugu zangu," alisema, "kijiji kisichofikika hakihudumiki. Nitarudi kabla ya masika. Nikikuta mteremko ule haujazuiwa mwanzo hadi mwisho, nitapendekeza mteremshwe bondeni, upande wa Kingolwira. Huko mtapimiwa viwanja kwenye mstari kama wenzenu."

Bondeni! Huko kabichi haifungi, na mbu wanang'ata hata mchana. Yustina aliogopa, na hakuficha kwamba ameogopa. Aliwaambia mabinti zake waziwazi kwamba wakiteremshwa, kila walichopewa na bibi zao kimekwisha, watakuwa watu wa kupangiwa. Kisha akafunga khanga kiunoni akaenda kumsumbua mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu, Ndugu Laurenti, alikuwa mtu mwema aliyeipenda sana hotuba. Yustina alimweleza dawa: vijiti vibichi vya ule mti wa kuzungushia ua, unaoota hata ukiuchomeka kichwa chini miguu juu, vipandwe safu kwa safu na mawe yapangwe nyuma yake. Vitashika udongo leo, na kesho vitatoa mizizi. Laurenti akafurahi. "Kila kaya ilete kijiti chake, ikichomeke kwa mkono wake yenyewe," alitangaza. "Huo ndio ujamaa!" Tukapiga makofi. Siku ya kazi ya kijiji tulijaa mteremkoni kama harusini, kila mlango na kijiti chake, tukachomeka hadi jioni.

Kesho yake asubuhi vijiti vyote vilikuwa vimelala njiani, vimepangwa vizuri kama kuni za kuuza. Aliyeving'oa hakujificha. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, panga magotini, anahema. Mzee Dominiko.

Hapo ndipo tulipojipiga kwenye paji la uso. Sisi sote, watoto wa mlima ule, tulikuwa tumesahau jambo ambalo hata mtoto anayechunga mbuzi analijua. Kwenye ardhi ya ukoo mwingine, ukiomba, utalima mahindi na maharage, ukivuna unaondoka. Mti hupandi. Apandaye mti amejipanda na yeye, na wajukuu zake watakuja kusema hapa ni petu. Mteremko ule ulikuwa wa lukolo wa Mzee Dominiko, na dada zake wote walikuwa wamekufa bila kuacha binti. Alikuwa amebaki yeye, na kifua kinachokohoa.

Vijana wakataka mgambo waitwe. Mikaeli, ambaye alikuwa amehudhuria semina mjini na tangu hapo hakunyamaza, alipiga meza: "Ardhi ni ya umma! Mzee akamatwe!"

"Akamatwe na nani, na lini?" Yustina aliuliza. "Tukimfunga mwenye ardhi, nani kati yenu atathubutu kupita pale na laana yake? Niacheni niende kwake."

Alimkuta mzee mlangoni, anaota jua.

"Hodi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umetumwa na serikali au umetumwa na miguu yako?"

"Na miguu yangu."

"Basi kaa, Mama Rosa." Alikohoa kwanza mpaka machozi yakamtoka. "Mimi sijafa. Naamka, nakuta kila nyumba ya kijiji hiki imesimika kijiti kwenye ardhi ya mama yangu. Mnagawana wakati mwenyewe bado nakula ugali?"

Yustina aliona haya, haya ya kweli, kwa sababu kama vijiti vile vingesimikwa karibu na chemchemi yake, angeving'oa kabla ya jogoo kuwika. "Tumekosea, baba," alisema. "Tusamehe. Lakini udongo ule unakwenda. Baada ya masika mbili tu hutakuwa na mteremko, utakuwa na korongo. Nani anaruhusiwa kupanda?"

"Mwenyewe."

"Na mwenyewe ni wewe tu."

"Ndiyo."

"Basi utapanda wewe. Vyote."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamrudia. "Mimi huyu? Tangu usiku ule wa kung'oa, kwenda chooni tu kwangu ni safari."

"Tutakushika," alisema Yustina. "Sisi tutachimba na kubeba mawe. Kijiti utashika wewe. Miti itakuwa yako, na atakayebisha nitapambana naye mimi."

Mzee alijifuta machozi ya kikohozi. "Wewe mama yako alikuwa hivi hivi," alisema. "Mbishi kama punda." Lakini hakukataa.

Kikaoni ilikuwa vita. Mikaeli alisimama akasema hakutoka semina kuja kumchimbia mzee mmoja mashimo, huo ni unyonyaji wa wazi. "Mama yako anapita wapi akienda sokoni?" Yustina akamkata. "Basi wewe chimba njia ya mama yako. Miti ikiitwa ya mzee, itakupunguzia unga nyumbani?" Watu wakacheka, Mikaeli akakaa, na siku ya kazi alifika wa kwanza na jembe. Nampa haki yake.

Tukaanza upya. Tulichimba, tukabeba mawe kutoka kijitoni, kisha tukasimama pembeni na mikono mitupu. Yustina alimfunga Mzee Dominiko khanga kiunoni, akashika ncha mbili, akaegemeza visigino kwenye mwamba, na mzee akateremka polepole akichomeka kijiti kimoja kimoja na kukikanyagia udongo. Alikuwa na makusudi yule! Kijiti kikipinda kidogo anakichomoa anaanza tena. Siku ambazo kifua kilimbana hakuja kabisa, na hakuna aliyegusa kijiti. Njegere za Yustina zilikauka shambani kwa kukosa mvunaji. Alipandwa na hasira, akagombana na Rosa, akagombana na mimi bila sababu. Lakini kila siku mzee alipotokea, yeye alikuwa pale na khanga yake.

Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Ngerengere bwana wa wilayani alipotokea, safari hii na raba miguuni. Ilikuwa imebaki safu moja ya juu. Alichokiona ni kijiji kizima kimesimama na majembe, kinamtazama mzee mmoja akifanya kazi.

"Ndugu Mwenyekiti, hii ni nini?"

Laurenti akamgeukia Yustina. Yustina akajibu bila kuachia khanga: "Tunazuia mteremko, ndugu. Ardhi ni ya ukoo wake. Anapanda yeye, tunamsaidia sisi."

"Ardhi ni ya umma, mama."

"Umma ndio sisi hapa, na tumekubaliana."

Bwana akatazama mawe, akajaribu kukitikisa kijiti kimoja, hakikutikisika. "Imebaki safu hii tu? Malizeni basi, niandike taarifa nishuke. Leo hii hii."

Lakini mzee alikuwa amekaa chini. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Alimwangalia Yustina, akanyoosha mkono uliokuwa na kijiti. "Panda wewe, Mama Rosa," alisema. "Nimekuruhusu. Mbele yao wote."

Kila mtu alijua maana yake: alikuwa anampa mteremko. Yustina angekuwa na ardhi ya chemchemini na ya njiani, yeye na wanawe na wajukuu wao. Na kijiji kingepona pale pale. Laurenti alikuwa anamkonyeza kwa macho yote mawili.

"Hapana," alisema Yustina.

"Mama, panda!" alisema bwana wa wilayani.

"Siwezi. Niliahidi atapanda mwenyewe. Nikipanda mimi leo, watasema siku zote hizi nilikuwa natafuta shamba la mzee mgonjwa, na watakuwa na haki." Akamfunika mzee mabega. "Atapanda kesho."

"Kesho mimi sipo."

"Basi lala. Kwa mwenyekiti kuna kitanda."

Sijui ni ukali wake au ni miguu iliyomuuma, lakini bwana yule alilala. Yustina hakulala. Asubuhi alifika mteremkoni kabla ya watu, na sisi tukafuata, na bwana wa wilayani akafuata akiangalia saa. Jua likapanda. Mlango wa Mzee Dominiko ulikuwa umefungwa. Mikaeli alitaka kwenda kumbeba, Yustina akasema asiguswe, atakuja.

Akaja. Fimbo mkononi, hatua moja, pumziko, hatua nyingine. Hakumsalimu mtu mpaka alipofika mbele ya Yustina.

"Ulidhani nimekufa?"

"Nilidhani, baba. Nimekuombea usiku kucha."

"Uliniombea mimi au uliiombea njia?"

Yustina akafikiri kwanza. "Nilianza na njia," alisema. "Alfajiri nilikuwa nakuombea wewe."

Mzee akageuka, akampa kiuno. "Funga," alisema. "Na usikaze sana, jana umenichubua."

Alipanda safu yote. Ilichukua asubuhi nzima, na hata bwana wa wilayani alijikuta anampokeza vijiti. Kilipobaki kimoja bwana yule alivuka mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi, akafuta jasho. "Mnabaki," alisema.

Hatukupiga makofi. Mzee alikuwa bado anakanyagia udongo kijiti cha mwisho, na Yustina alikuwa bado ameshika khanga.