Kumtafutia Samaki Mume

Niseme mapema: sikuwahi kuwapenda samaki wale. Nimezaliwa Kingi, kwa watu wa ng'ombe na viazi, na kwetu samaki ni kitu cha kuingia sufuriani. Ni mume wangu, dereva wa lori, aliyewaleta kutoka ziwa Kivu ndani ya bidoni, dumu la maji, akapita nao mashimo yote ya barabara kutoka Sake mpaka hapa Masisi kana kwamba amebeba mayai. Akawajengea nyumba. Alichukua vitrini ya mikate, kabati la vioo lililokuwa limetupwa nyuma ya duka la bosi wake, akaziba pembe zake kwa silikoni, akapanga mawe chini, akaunganisha mashine ndogo ya hewa kwenye betri ya sola. Watoto wetu walikua wakaondoka, samaki wakabaki. Walikuwa wawili tu: dume la buluu lenye madoa ya njano kwenye pezi la nyuma, na jike la kijivu, rangi ya maji yaliyooshewa vyombo.

Asubuhi moja mume wangu alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu, presha ikampanda. Upande wake wa kuume ukapooza na maneno yakampotea. Mtu aliyekuwa akiimba njia nzima kutoka Sake akawa mtu wa kuketi kwenye kiti na kutazama. Niligeuza kiti kikaelekea vitrini kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mwanga, si kwa sababu nyingine.

Kuuguza kunachosha kuliko kulima. Shamba ukilipalilia linakuonyesha ulipofika. Mimi nilikuwa namwosha, namgeuza, nafua, nachota maji, na kesho yake kila kitu kilikuwa kimerudi pale pale. Kula nilikula nikikumbuka, tena nikiwa nimesimama jikoni, nikikwangua chini ya sufuria. Siku nyingi sikukumbuka.

Shida kubwa ilikuwa kinywa chake. Alikifunga. Muuguzi wa kituo cha afya aliniambia bila kuzunguka kwamba mgonjwa huyu dawa yake ya kwanza ni chakula, na asipokula nisimlaumu mtu. Nilibembeleza, nikaimba, nikagomba, nikaomba rozari. Kisha siku moja, kwa bahati tu, niliwatupia samaki sambaza, dagaa wa Kivu, zilizosagwa. Dume likapanda juu, jike likafuata, na yeye, katika kuwatazama, akaachama. Nikaingiza kijiko. Akameza.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu: samaki kwanza, halafu yeye. Chembe kwao, kijiko kwake. Sikuona aibu, kwa maana mwenye kuuguza hana nafasi ya aibu. Tulikwenda hivyo miezi minne, mpaka mimi mwenyewe nilipoharibu.

Niliacha kifuniko wazi. Nilikuwa nimechoka, nikaenda kuanika mashuka, na niliporudi dume halikuwamo. Nikalikuta nyuma ya benchi, limekauka, vumbi limelishika machoni. Nilijaribu kulificha kwenye kitenge, lakini mume wangu alikuwa ameketi pale pale. Alikuwa ameona yote, dume likirukaruka sakafuni mbele ya miguu yake, na hakuweza kuinama wala kuniita.

Jike likaingia nyuma ya jiwe, likakataa kutoka. Sambaza zikazama, zikaoza. Na yeye akafunga kinywa. Siku tatu hakupokea zaidi ya maji ya sukari. Siku ya tatu nilipiga sahani chini nikamwambia, "Basi kufa, tufe wote tupumzike!" Nilisema hivyo. Halafu nikaokota viazi sakafuni kimoja kimoja, huku ninalia kwa hasira na kwa woga.

Bosi wake alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa misa, na kila Jumapili alipotoka kanisani alipita kumsalimu. Jumapili ile sikumpa hata kiti.

"Papa, natafuta samaki mwanaume," nikamwambia.

Akacheka. "Mama, miye nilizania unatafuta munganga, kumbe unatafutia samaki bwana!"

Kisha akaona uji kwenye meza, umeganda juu. Akamtazama mgonjwa, akanitazama mimi. Kicheko kikaisha.

"Na weye Mama, unakonda sana. Unakula?"

"Nakula."

"Sawa. Nitaita muntu wangu kule ku ziwa. Unataka ya namna gani?"

"Kubwa," nikasema. "Mume awe mkubwa."

Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Juma lile malori hayakupita, kwa hiyo mume mpya alikuja kwa pikipiki, ndani ya bidoni iliyofungwa kati ya magunia mawili ya sambaza kavu. Alikuwa mkubwa kweli, wa buluu, na mwenye ghadhabu ya safari. Sikungoja. Nilimmimina kwenye vitrini jinsi unavyomimina maharagwe.

Haikupita hata saa moja. Dume lilizunguka mara mbili, likaona mawe, likaona kila kitu ni chake, likaanza kulifukuza jike kona kwa kona. Likalichana pezi. Mke mwenye nyumba akawa ananing'inia juu karibu na mashine ya hewa, hana pa kwenda. Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikuwa mume na mke!

Hapo ndipo nikawakumbuka ng'ombe wa baba. Kule Kingi, mnyama mgeni akiletwa kundini na wenyeji wakamchoma pembe, baba alimwaga chumvi juu ya jiwe pana. Wote walikuja kulamba. Ng'ombe akilamba chumvi hana muda wa ugomvi. Walisimama bega kwa bega, ndimi nje, na jioni walirudi zizini kama ndugu. Nimeliona hilo utoto wangu wote. Nikaenda jikoni, nikafungua mfuko wa chumvi ya ng'ombe aliotuachia kaka yangu, nikachota kwa mikono miwili. Nikaimwaga juu ya mawe yao, ili wakutane hapo wapatane.

Maji yakawa meupe. Samaki wote wawili wakapanda juu, vinywa wazi, wakitafuta pumzi. Nami nimesimama, viganja vyeupe, nangoja amani.

Nyuma yangu kitu kikagonga. Mume wangu alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto. Uso wake ulikuwa mwekundu, kinywa kimepinda, na sauti ikatoka, nzito, kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa.

"Bure! Weye bure kabisa!"

Ndilo neno la kwanza nililosikia kwake tangu augue. Wanawake wengine wanaambiwa majina ya upendo, mimi niliambiwa bure kabisa, nami nikafurahi kuliko wao.

"Mayi!" akapiga tena. "Mayi!"

Nikakimbilia maji. Kutoka kwetu mpaka chemchemi ni mteremko, na kurudi ni mlima. Nilichota bidoni baada ya bidoni, nikawa natoa maji ya chumvi kwa bakuli na kumimina mengine polepole, kwa kuwa kila nilipofanya haraka ngumi iligonga. Nilipomaliza mgongo haukunyooka. Samaki walikuwa hai.

Siku zile zilizofuata alinifundisha kwa kidole. Alionyesha kioo cha dirisha kilichokuwa kimeegemea ukutani tangu alipokuwa mzima, na nilipokichukua akaonyesha katikati ya vitrini. Nikakisimamisha pale, dume upande mmoja, jike upande wa pili. Wakawa wanaonana bila kugusana. Siku ya kwanza dume lilipigana na kioo mpaka likachoka. Siku ya tatu jike lilitoka nyuma ya jiwe kulitazama. Nikatupa sambaza, likala. Nikageuka na kijiko, na kinywa cha mume wangu kilikuwa kimeshafunguka.

Baada ya juma moja akaonyesha mawe: toa yote. Nikayatoa. Panga tena, sivyo yalivyokuwa, hapana, kule, hapana. Nilipanga na kupangua asubuhi nzima, nikimwambia kwamba hata mama mkwe wangu hakunisumbua hivi nilipoolewa. Kisha akanionyesha kwa kidole nitoe kioo. Nikaelewa ujanja wake: dume halikukuta tena shamba lake, jike halikukuta tena ficho lake, na wote wawili wakawa wageni. Walizungukana. Dume likatetemesha mkia mbele ya jike, mara moja, mara nyingine. Hakuna aliyeng'atwa.

Nilidhani sasa nitapumzika. Siku chache baadaye nikatupa sambaza, dume likapanda, na jike likabaki chini. Nikatupa tena. Chembe ilipita mbele ya pua yake, likaigeuzia mgongo. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Limefunga kinywa.

Nilikaa sakafuni, sahani ya viazi vya kuponda mapajani. Sikulia. Nilijisikia mtupu tu, sina la kufanya tena, na sikutaka kugeuka nikione kile kinywa kingine kikiwa kimefungwa. Nilimwambia mume wangu, "Nimeshindwa, Papa. Ile samaki imekataa."

Akagonga kiti, lakini taratibu. Nilipogeuka alikuwa anaonyesha kioo cha vitrini. Chini ya taya la jike palikuwa pamevimba kama shavu la mtoto aliyeficha mhogo.

"Iko," akasema, akapumzika, akatafuta. "Iko na batoto. Mu kinywa."

Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Jike lilifunua kinywa kidogo sana, na ndani nikaona mayai ya njano yakigeuzwageuzwa.

"Haikatae," akasema. "Inachunga."

Kisha akaachama mwenyewe, bila samaki kula, bila mimi kubembeleza. Nikampa viazi, kijiko kwa kijiko, mpaka ikabaki nusu ya sahani. Hapo akafunga kinywa. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaninyang'anya kijiko, akachota, akakileta usoni pangu.

"Na weye."

"Nimeshakula," nikamwambia.

Ulikuwa uongo, na alikuwa ameusikia kila siku kwa miezi mitano akiwa hana neno la kuujibu. Viazi vikanidondokea kwenye kitenge, lakini hakuushusha mkono. Nikafungua kinywa.