Maji ya Ubani na Samaki wa Zehra

Ubani ukifukizwa kwenye mtungi mkavu haunuki kama ule wa kwenye nguo. Una ubaridi fulani, kama udongo ulioguswa na mvua ya kwanza. Juzi mjukuu wangu Rukia alifukiza mtungi kwa ajili ya wageni wa posa, na mie niliyekuwa nimekaa zangu nachambua mchele, nikainuka, nikaketi, nikainuka tena. Rukia akaniuliza, "Bibi, unatafuta nini?" Nikamwambia sitafuti kitu. Kumbe macho yangu yalikuwa yanatafuta samaki.

Nyie wanangu mnaoisoma hii, shule yangu mie Tatu iliishia darasa la pili, lakini jina la mtu halinipotei. Wala la samaki.

Tulikuwa tunakaa Temeke, enzi za Mwingereza, Temeke ya minazi na mikorosho, nyumba moja hapa na nyingine kule. Mama yangu, Bi Mwajuma binti Selemani, alikuwa mpishi kwa Bi Sakina, mke wa mwenye duka, Wahindi wa Khoja. Bi Sakina alikuwa na binti, Zehra, rika langu, miaka tisa. Mjomba wake alikuja na meli kutoka Bombay na samaki watatu hai, wekundu kama pilipili mbivu, akawatia kwenye bakuli la kioo lenye tumbo kubwa. Mie nilikuwa sijaona samaki anayefugwa asiliwe. Zehra akamwita mmoja Rani, wa pili Moti. Wa tatu akaniachia mie nimpe jina. Alikuwa na doa jeusi mgongoni, nikamwita Chausiku.

Ikatokea harusi Tanga, na nyumba nzima ya Bi Sakina ikaenda huko kwa siku saba. Zehra akalileta bakuli kwetu mwenyewe, kalikumbatia kifuani, gauni limelowa.

"Tatu, maji ya kisima. Ijumaa unamwaga nusu, unatia nusu. Usimwage yote."

"Nimesikia."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

"Rani akifa sikusemeshi mpaka Kiama."

Bi Sakina akamwambia mama yangu, "Mwajuma, mtoto huyu akirudi akalia, nami nitalia, na bwana atatufukuza sote wawili." Akacheka. Mama hakucheka. Mshahara wake ndio uliokuwa unatulisha, na kicheko cha tajiri hakina dhamana.

Basi ikafika Ijumaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, kisima kikatoka maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikateka ndoo, nikaitazama, nikaona haya. Rani nimtie kwenye tope hili? Ndani kulikuwa na mtungi wa wageni. Kila Alhamisi jioni mama aliukausha, akaugeuza mdomo chini juu ya chetezo chenye ubani, udongo ukashiba moshi, ndipo akautia maji safi na kuufunika. Sie watoto hatukuruhusiwa kuugusa. Mama alikuwa na neno lake: "Mgeni mpe kilicho bora, hata kama wewe utakunywa mate yako." Nami nikajiuliza, hawa ni nani kama si wageni? Wametoka Bombay!

Mama alikuwa amekwenda kufagia kwa Bi Sakina. Nikamwaga maji ya bakuli yote. Yote, wanangu, na wallahi yangu ilikuwa haijapoa. Nikasugua kioo, nikajaza maji ya mtungini, yaking'aa, yakinukia. Nikakaa mbele yao kama mtu aliyepika pilau anayesubiri asifiwe.

Hazikupita dakika nyingi. Moti alipanda juu akatoa mdomo nje ya maji, akahema kama mzee aliyepanda mlima. Chausiku akabana mapezi ubavuni. Rani akaanza kuzunguka mbio, akajigonga kwenye kioo, halafu akalala upande, shavu lake, pale anapopumulia, likifunguka na kufunga haraka haraka. Nikadhani ni baridi, nikalitoa bakuli juani. Nikadhani ni njaa, nikawatupia punje za wali. Nikawasomea Kul-huwallahu mara tatu na kuwapulizia. Rani akazidi kulala. Nikaingia ndani, nikatoka, nikaingia, mikono haijui ishike nini.

Nikakimbilia kwa jirani yetu, Bi Mwanahawa, aliyekuwa akikaanga samaki barazani kwake na kuwauzia wapita njia.

"Shikamoo Bi Mwanahawa, samaki wanaumwa!"

"Marahaba. Wangu hapa wameshapona," akasema, huku anageuza changu kwenye karai. "Mie samaki namjua akishakufa, mwanangu. Akiwa hai, ni yeye na Mola wake."

Nikaangua kilio. Akaniangalia, akaepua karai, akaja huku anajifuta mikono kwenye kanga. Akainama juu ya bakuli, akanusa.

"Nani kawafukizia hawa? Wanaolewa?"

Nikageukia mlango wa ndani. Akaona mfuniko wa mtungi umekaa upande.

"Ewe Tatu! Wale vidagaa wa birika la msikitini wanazaana mwaka hadi mwaka, maji yenyewe yana ukungu wa kijani. Nani kawahi kuwapelekea ubani? Chukua sufuria, kimbia ukateke huko!"

Nilikimbia. Safari ya kwanza nusu ya maji yalimwagikia miguu yangu. Ya pili niliifikisha. Bi Mwanahawa akawahamisha mmoja mmoja kwa kiganja, akawatia kwenye sufuria, akaiweka kivulini. Akaniambia nisiwaguse, nisiwalishe, nisiwasomee kwa kelele. Hilo la kutulia ndilo lililonishinda. Kila nikichutama nainuka.

Adhuhuri Moti alishusha mdomo ndani ya maji. Baadaye Chausiku akafungua mapezi. Rani hakufungua kitu. Nikamfukia chini ya mgomba.

Mama aliporudi nilimweleza yote. Hakunipiga. Alifunua mtungi, akatazama maji yalipofika, akafunika.

Siku waliporudi kutoka Tanga, kabla sijatoa sauti, mama alisema, "Bi Sakina, maji niliwatilia mie. Niliwapa ya ubani, nikidhani nawakirimu." Nikafungua mdomo. Akanibana bega. Zehra alilia mpaka akapata kwikwi. Bi Sakina alimtazama mama, akanyoosha mkono. "Nipe funguo za stoo, Mwajuma." Mama hakufukuzwa, lakini funguo zile alizozishika miaka hakurudishiwa mpaka mfungo wa Ramadhani ulipopita. Mie nikajua ni kwa sababu ya Rani.

Zehra alinisemesha siku ya tatu tu, Kiama hakikufika. Na miaka mingi baadaye, siku ya harusi yake, nikimsaidia kufunga vikuku, aliniambia, "Nilijua ni wewe, Tatu. Mama naye alijua. Amekunywa maji kwenu mara ngapi? Mama yako angegawa macho yake kuliko kuugusa mtungi wa wageni kwa ajili ya samaki."

Nikashika kikuku mkononi, nisijue nikifunge au nikiachie. Kumbe funguo hazikuchukuliwa kwa ajili ya samaki. Zilichukuliwa kwa ajili ya uongo, na uongo ule mama aliusema kwa ajili yangu.

Nikakumbuka jambo lingine. Miezi yote ile aliyokuwa hana funguo, mama hakufukiza mtungi hata Alhamisi moja. Wageni walikunywa maji yasiyo na harufu. Sasa najua alikuwa ananiepusha na harufu ile, isinisute. Wakati ule nilidhani ubani umekwisha.