Korongo wa Ulaya na Safari ya Sandoa

Leo nimefumania bwana yangu. Wambea, vuteni viti.

Munanijua mi: napenda riwaya za upelelezi, napenda na ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya.

Basi korongo weupe wametua nyuma ya nyumba yetu, hapa Dilala. Nikachukua darubini. Raha kabisa!

Mmoja akaruka. Nikamufuata na darubini mpaka juu ya lupango moja, uwanja wa nyumba ya watu ng'ambo ya barabara.

Mule ndani naona nani? Tata Neema, bwana yangu, aliyeniaga asubuhi eti anaenda mbali kule Sandoa kutafuta mahindi.

Kifua wazi. Mwanamuke anamushika kichwa.

Kesi imeisha!

Wapelelezi wa vitabuni wanatembea polepole, wanawaza. Mi nilikimbia, sandale moja ikabaki barabarani.

Nikasukuma mulango: "Musiseme kitu! Najua yote!"

Wakaniangalia.

Mwanamuke alikuwa na glavu na brashi. Bwana yangu alikuwa na mufuko wa plastiki kichwani, rangi nyeusi inatiririka mpaka sikioni.

Alikuwa anaficha mvi!

"Na Sandoa?" nikauliza.

"Nilitaka urudishiwe yule kijana uliyeolewa naye," akajibu, macho chini.

Jamani, hasira yote ikayeyuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yule mama wa saluni naye akacheka.

Tata Neema akanishika mukono: "Tafazali, usiambie batoto."

Nimeapa. Batoto sitaambia hata neno moja.

Kwa hiyo ninyi mucheke pole pole huko kwenye komenti, wasisikie.